Maandamano ya haki za Weusi yanavyotikisa mizani ya kura Marekani

MAANDAMANO ya kupinga ubaguzi wa rangi yamekuwa sehemu ya siasa za Marekani kwa zaidi ya miaka 70, na mara si haba yamechangia kuamua nani aingie Ikulu ya White House na nani abaki nje akitazama.

Hata hivyo, swali la iwapo maandamano hayo huwaongezea kura wanasiasa wanaotetea haki za Weusi, au huwapunguzia, lingali linazua mjadala mkali miongoni mwa wanasiasa na wasomi wa nchi hiyo.

Kila upande una ushahidi wake. Wapo wanaotaja uchaguzi wa 1964, ambapo rais aliyetia saini sheria ya kukomesha ubaguzi alishinda kwa kishindo. Wapo pia wanaotaja ule wa 1968, ambapo mgombea aliyeahidi kurejesha utulivu mitaani ndiye aliyetwaa ushindi.

Historia inaonyesha kwamba jibu hutegemea mambo manne: jinsi maandamano yalivyoendeshwa, jinsi vyombo vya habari vilivyoyaripoti, muda uliosalia kabla ya siku ya kura na, muhimu zaidi, iwapo waandamanaji wenyewe waliruhusiwa kupiga kura.

Kura iliyonyimwa kwa hila

Kisheria, wanaume Weusi walipata haki ya kupiga kura mnamo 1870 kupitia Marekebisho ya 15 ya Katiba, miaka mitano baada ya kumalizika kwa vita vilivyokomesha utumwa.

Lakini majeshi ya serikali kuu yalipoacha kulinda tawala za Kusini mwaka wa 1877, majimbo ya eneo hilo yalianza kubuni vizingiti. Paliwekwa kodi ya kura ambayo maskini hawangeweza kuilipa. Palikuwa na mitihani ya kusoma na kufasiri katiba, iliyosahihishwa na makarani Wazungu kwa namna waliyopenda. Aliyeng'ang'ania kujiandikisha aliweza kufutwa kazi, kuchomewa nyumba au hata kuuawa.

Kufikia 1964, katika jimbo la Mississippi, chini ya Weusi 7 kwa kila 100 waliotimiza umri wa kupiga kura ndio waliokuwa katika daftari la wapiga kura.

Katika hali hiyo, mtu wa Kusini aliyetaka kusikika alikuwa na barabara tu. Aliandamana kwa sababu sanduku la kura lilikuwa limefungwa kwake.

Kwa upande mwingine, mamilioni ya Weusi walikuwa wamehama Kusini tangu wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia na kwenda kutafuta kazi katika miji kama vile Chicago, Detroit, Philadelphia na New York. Huko waliweza kupiga kura bila kikwazo kikubwa, na majimbo hayo ndiyo aghalabu yaliyoamua mshindi wa urais. Yaliyotendeka katika barabara za Alabama yalitazamwa na jamaa zao waliokuwa na kadi za kura Illinois.

Simu ya Kennedy

Athari hiyo ilidhihirika mwaka wa 1960. Mnamo Februari 1 mwaka huo, wanafunzi wanne Weusi waliketi kwenye kaunta ya Wazungu katika duka la Woolworth mjini Greensboro, North Carolina, na kukataa kuondoka waliponyimwa huduma. Katika muda wa miezi michache, mbinu hiyo ilikuwa imeenea katika miji mingi ya Kusini.

Mwezi Oktoba, majuma machache kabla ya uchaguzi, Mchungaji Martin Luther King Jr. alikamatwa pamoja na wanafunzi waliokuwa wakifanya mgomo kama huo jijini Atlanta. Wenzake waliachiliwa, lakini King alihukumiwa kifungo cha miezi minne cha kazi ngumu kwa madai ya kukiuka masharti ya kosa la awali la trafiki, kisha akahamishiwa gereza la jimbo.

Mgombea wa chama cha Democratic, John F. Kennedy, alimpigia simu mkewe King, Coretta, kumfariji. Nduguye Kennedy, Robert, alizungumza na hakimu aliyetoa hukumu hiyo, na King akaachiliwa kwa dhamana. Mpinzani wake wa Republican, Richard Nixon, alinyamaza.

Babake King, mchungaji mashuhuri aliyekuwa amemuunga mkono Nixon, alitangaza kwamba angempigia Kennedy kura. Kambi ya Kennedy ilichapisha vijitabu vilivyosimulia kisa hicho na kuvisambaza katika makanisa ya Weusi Jumapili ya mwisho kabla ya uchaguzi.

Kennedy alishinda kwa tofauti ya kura zisizozidi 120,000 kote nchini. Katika jimbo la Illinois, alimpiku Nixon kwa kura zisizotimia 9,000. Ni vigumu kueleza ushindi mwembamba kiasi hicho bila kutaja kura za Weusi wa Chicago.

Jina la Kenya nalo liliingia katika kinyang'anyiro hicho. Tom Mboya alikuwa akitafuta fedha za kuwasafirisha wanafunzi wa Afrika Mashariki kwenda kusoma katika vyuo vya Marekani, mpango uliopata usaidizi wa Weusi mashuhuri wakiwemo mwanamuziki Harry Belafonte, mwigizaji Sidney Poitier na mchezaji wa besiboli Jackie Robinson.

Julai 1960, Mboya alimtembelea Kennedy nyumbani kwake Hyannis Port, na wakfu wa familia ya Kennedy ukaahidi dola 100,000. Seneta Hugh Scott wa Republican alizuka katika Seneti na kudai kwamba pesa hizo zilitolewa kwa manufaa ya kisiasa. Pande zote mbili zilikuwa zimetambua kwamba mpiga kura Mweusi wa Marekani alikuwa akiufuatilia pia ukombozi wa Afrika.

Kutoka Birmingham hadi Selma

Masika ya 1963, King na wenzake waliupeleka mgogoro huo Birmingham, Alabama. Walijua kwamba mkuu wa usalama wa jiji hilo, Eugene "Bull" Connor, hangeweza kujizuia. Naye hakujizuia. Mbwa wa polisi na mabomba ya maji ya wazimamoto yalielekezwa kwa watoto wa shule huku kamera za televisheni zikinasa kila kitu.

Juni 11 mwaka huo, Rais Kennedy alilihutubia taifa na kutangaza kwamba angewasilisha mswada wa haki za kiraia. Agosti 28, takriban watu 250,000 walikusanyika Washington kuuunga mkono. Kennedy aliuawa Novemba kabla ya mswada huo kupitishwa, na ni mrithi wake, Lyndon Johnson, aliyeutia saini Julai 2, 1964.

Uchaguzi wa Novemba ulikuwa mtihani wa kwanza. Mpinzani wa Johnson, Seneta Barry Goldwater wa Arizona, alikuwa ameupinga mswada huo katika Seneti. Johnson alipata zaidi ya asilimia 61 ya kura zote na wajumbe 486 dhidi ya 52.

Lakini ramani ya matokeo ilificha jambo lingine. Mbali na jimbo lake la nyumbani, Goldwater alishinda majimbo matano ya Kusini: Mississippi, Alabama, Georgia, South Carolina na Louisiana. Mississippi ilimpa asilimia 87. Georgia haikuwa imewahi kumpigia mgombea urais wa Republican kura nyingi kuliko wapinzani wake tangu chama hicho kiundwe.

Hivyo basi, maandamano yale yale yaliyowavuta wapiga kura wa Kaskazini upande wa Johnson ndiyo yaliyowasukuma Wazungu wengi wa Kusini nje ya chama chao cha jadi. Isitoshe, Weusi wa huko ambao wangeweza kusawazisha mizani bado hawakuwa na kura.

Fannie Lou Hamer, mfanyakazi wa shamba la pamba Mississippi aliyefukuzwa alikokuwa akiishi kwa kosa la kujaribu kujiandikisha, aliueleza mkutano mkuu wa Democratic jijini Atlantic City Agosti 1964 jinsi alivyopigwa gerezani. Johnson, akihofia kuzidi kuwaudhi Wazungu wa Kusini, aliitisha kikao cha ghafla na wanahabari ili kamera ziondoke kwa Hamer. Haikusaidia, kwani vituo vya televisheni viliyarusha maelezo ya mama huyo jioni hiyo.

Kizingiti hicho kilivunjwa mwaka uliofuata. Machi 7, 1965, polisi wa Alabama waliwashambulia kwa marungu na gesi ya kutoa machozi waandamanaji waliokuwa wakivuka daraja la Edmund Pettus mjini Selma. John Lewis, kijana wa miaka 25 aliyekuwa mbele, alivunjwa fuvu. Siku nane baadaye, Johnson alifika mbele ya Bunge kudai sheria mpya, na Agosti 6 aliitia saini Sheria ya Haki za Kupiga Kura.

Sheria hiyo ilipiga marufuku mitihani ya kusoma katika maeneo yaliyohusika, ikaruhusu maafisa wa serikali kuu kuwaandikisha wapiga kura, na kuyalazimu majimbo yenye historia ya ubaguzi kuomba idhini kabla ya kubadilisha kanuni za uchaguzi. Kufikia 1967, karibu asilimia 60 ya Weusi wa Mississippi walikuwa wamejiandikisha. Hakuna tukio lingine ambapo maandamano yaliathiri kura za Marekani kwa kina kiasi hicho, kwani hapa yalibadilisha wapiga kura wenyewe.

Moto wa 1968

Siku tano tu baada ya sheria hiyo kutiwa saini, mtaa wa Watts jijini Los Angeles ulilipuka kufuatia mzozo baina ya polisi na dereva mmoja Mweusi. Watu 34 walikufa. Mnamo Julai 1967, watu 26 waliuawa katika ghasia za Newark na 43 katika zile za Detroit.

Sheria za 1964 na 1965 zilikuwa zimewalenga wabaguzi wa Kusini. Hazikugusa makazi duni, ukosefu wa kazi na ukatili wa polisi katika miji ya Kaskazini na Magharibi, ambako Weusi walikuwa na kura lakini hali yao haikubadilika.

Tume iliyoteuliwa na Johnson kuchunguza ghasia hizo, ikiongozwa na Gavana Otto Kerner wa Illinois, ilitoa ripoti mapema 1968. Ilionya kwamba taifa lilikuwa likigawanyika kuwa jamii mbili, ya Weusi na ya Wazungu, zisizo sawa.

Wapiga kura wengi Wazungu hawakuusikiliza ujumbe huo. Katika uchaguzi wa wabunge wa 1966, Republican walikuwa tayari wamejizolea viti 47 zaidi katika Baraza la Wawakilishi, na mwigizaji wa zamani wa filamu, Ronald Reagan, akachaguliwa gavana wa California.

King alipouawa jijini Memphis Aprili 4, 1968, ghasia zilizuka katika zaidi ya miji 100. Nixon, aliyekuwa akiwania tena, alijinadi kwa ahadi ya utawala wa sheria na utulivu. Aliyekuwa gavana wa Alabama, George Wallace, mtetezi wa ubaguzi, aliwania kwa tiketi ya chama kingine.

Nixon alipata asilimia 43.4 na Makamu wa Rais Hubert Humphrey wa Democratic asilimia 42.7. Wallace alipata asilimia 13.5 na kushinda majimbo matano ya Kusini. Kwa pamoja, Nixon na Wallace walipata karibu asilimia 57 ya kura, miaka minne tu baada ya Johnson kupata 61.

Yanayosemwa na watafiti

Kwa muda mrefu, mjadala kuhusu 1968 ulikuwa wa kukisia. Vita vya Vietnam vilikuwa vimepamba moto, Robert Kennedy alikuwa ameuawa, na mkutano wa Democratic jijini Chicago uligeuka uwanja wa makabiliano. Ilikuwa vigumu kutenganisha athari ya ghasia za mitaani na misukosuko mingine.

Mnamo 2020, msomi Omar Wasow, aliyekuwa akifunza Chuo Kikuu cha Princeton, alichapisha utafiti kuhusu maandamano ya Weusi kati ya 1960 na 1972. Aligundua kwamba katika kaunti zilizokuwa karibu na maandamano ya amani, kura za urais za Democratic ziliongezeka kwa kati ya asilimia 1.6 na 2.5.

Kuhusu ghasia za Aprili 1968, Wasow alitumia kigezo cha mvua. Watu hawamiminiki mitaani kukinyesha, na mvua haichagui chama. Kwa kulinganisha maeneo yaliyonyeshewa na yaliyokuwa makavu juma hilo, alikadiria kwamba ghasia ziliwasogeza wapiga kura Wazungu upande wa Republican kwa kati ya asilimia 1.5 na 7.9. Kwa hesabu zake, yumkini Humphrey angeshinda iwapo ghasia hizo hazingetokea.

Wasow alieleza pia sababu. Waandamanaji watulivu waliposhambuliwa na polisi, vichwa vya habari magazetini vilizungumzia haki za kiraia. Walipozusha fujo wenyewe, vilizungumzia uhalifu na ghasia. Mpiga kura aliyekuwa mbali aliisoma habari hiyo na kuamua nani mdhulumiwa na nani mkorofi.

Msomi mwingine, Soumyajit Mazumder, alibaini katika utafiti wa 2018 kwamba Wazungu wanaotoka katika kaunti zilizoshuhudia maandamano ya haki za kiraia miaka ya 1960 wana uwezekano mkubwa zaidi wa kujitambulisha kama wafuasi wa Democratic na wana chuki ndogo dhidi ya Weusi, hata baada ya miongo kadhaa.

Lakini si kila ghasia huzaa uhasama katika debe. Aprili 1992, majaji raia wa mahakama waliwaondolea lawama polisi walionaswa kwenye video wakimpiga dereva Mweusi, Rodney King, na Los Angeles ikaungua. Zaidi ya watu 60 walikufa.

Ryan Enos, Aaron Kaufman na Melissa Sands walichunguza kura ambazo wakazi wa jiji hilo walipiga kabla na baada ya ghasia kuhusu mapendekezo ya kufadhili elimu. Waligundua kwamba uungaji mkono kwa shule za umma uliongezeka miongoni mwa Weusi na Wazungu, na kwamba wapiga kura wapya walijiandikisha kwa wingi kama Democratic.

Tofauti na 1968 ni kwamba utafiti huu ulihusu watu walioishi karibu na tatizo. Aliyeyaona mazingira ya mtaa uliozusha fujo aliweza kuelewa kilichouchochea. Aliyeuona moto kwenye televisheni pekee aliuogopa.

Ferguson: Kutoka barabarani hadi afisini

Mji mdogo wa Ferguson, Missouri, wenye watu wapatao 21,000, unatoa mfano wa kinaganaga kuliko wowote. Mnamo Agosti 9, 2014, polisi Mzungu alimpiga risasi na kumuua Michael Brown, kijana Mweusi wa miaka 18 asiyekuwa na silaha. Maandamano yaliendelea kwa miezi kadhaa na kulitia nguvu vuguvugu la Black Lives Matter, lililokuwa limeanza 2013.

Wakati huo, thuluthi mbili za wakazi wa Ferguson walikuwa Weusi, lakini meya alikuwa Mzungu na katika baraza la mji lenye viti sita palikuwa na Mweusi mmoja tu. Sababu moja ilikuwa bayana: wachache mno walijitokeza kupiga kura katika chaguzi za mji, ambazo hufanyika Aprili na wala si Novemba pamoja na ule wa urais.

Katika uchaguzi wa Aprili 2015, idadi ya waliojitokeza ilipanda kutoka takriban asilimia 12 hadi karibu 30. Weusi wawili, Ella Jones na Wesley Bell, walichaguliwa, na baraza likawa na nusu kwa nusu.

Mnamo 2018, Bell alimbwaga katika kura za mchujo kiongozi wa mashtaka wa Kaunti ya St. Louis, Bob McCulloch, aliyekuwa mamlakani tangu 1991 na aliyelaumiwa kwa jinsi alivyoshughulikia kesi ya Brown. Juni 2020, Jones alichaguliwa meya, Mweusi wa kwanza kushika wadhifa huo mjini Ferguson. Miezi miwili baadaye Cori Bush, muuguzi na mchungaji aliyekuwa mstari wa mbele katika maandamano ya 2014, alimshinda mbunge Lacy Clay, ambaye yeye na babake walikuwa wamekikalia kiti hicho kwa zaidi ya miaka 50.

Hata hivyo, kuingia afisini hakukutatua kila kitu. Julai 2020, Bell alitangaza kwamba hakupata ushahidi wa kutosha kumshtaki polisi aliyemuua Brown, uamuzi uliowavunja moyo waliompigia kura. Mnamo 2024, Bell aliwania dhidi ya Bush katika mchujo na kumshinda, katika kampeni iliyotawaliwa na vita vya Gaza na mamilioni ya dola kutoka nje ya jimbo. Waliozaliwa kisiasa na vuguvugu moja walikuwa sasa wanapigania kiti kimoja.

Mwaka wa George Floyd

Mei 25, 2020, polisi Derek Chauvin alimkandamiza George Floyd shingoni kwa goti jijini Minneapolis kwa zaidi ya dakika tisa hadi akafa. Uchunguzi wa maoni ulikadiria kwamba kati ya watu milioni 15 na 26 walishiriki maandamano yaliyofuata. Shirika la ACLED, linalofuatilia migogoro duniani, lilisema zaidi ya asilimia 90 ya maandamano hayo yalikuwa ya amani. Fujo za asilimia iliyosalia ziliwagharimu wenye bima zaidi ya dola bilioni 1.

Kituo cha utafiti cha Pew kilibaini kwamba mnamo Juni asilimia 67 ya watu wazima waliunga mkono Black Lives Matter. Kufikia Septemba, idadi hiyo ilikuwa imeshuka hadi asilimia 55, kwani wengi wa Wazungu wa Republican walijiondoa. Ngoma ikivuma sana haidumu.

Athari ya kwanza ilikuwa kwa uteuzi wa wagombea. Seneta Amy Klobuchar wa Minnesota alijiondoa katika orodha ya waliofikiriwa kuwa mgombea mwenza wa Joe Biden, akisema wakati ulikuwa umewadia wa kumteua mwanamke asiye Mzungu. Agosti, Biden alimteua Kamala Harris.

Rais Donald Trump alifufua kaulimbiu ya Nixon ya sheria na utulivu, lakini safari hii aliyeitoa ndiye aliyekuwa mamlakani wakati miji ikiungua. Biden alilaani mauaji ya Floyd na pia uporaji.

Matokeo ya Novemba yalikinzana. Jimbo la Minnesota, kitovu cha ghasia, lilimpa Biden ushindi wa takriban asilimia 7, ilhali Hillary Clinton alikuwa amelichukua kwa chini ya asilimia 2 mnamo 2016. Huko Kenosha, Wisconsin, ambako majengo yaliteketezwa baada ya polisi kumpiga risasi Jacob Blake mwezi Agosti, mambo yalikuwa kinyume. Trump, aliyekuwa ameishinda kaunti hiyo kwa kura zisizofika 300 mnamo 2016, aliongeza mwanya hadi takriban asilimia 3. Hata hivyo, Biden alitwaa jimbo zima la Wisconsin kwa kura zaidi ya 20,000.

Georgia, iliyomkimbilia Goldwater mnamo 1964, ilimpa Biden ushindi kwa kura 11,779. Januari 2021, Raphael Warnock, mchungaji wa kanisa la Ebenezer alikohubiri King, alichaguliwa seneta, Mweusi wa kwanza kutoka jimbo hilo. Ushindi huo ulitokana zaidi na kazi ya miaka mingi ya kuandikisha wapiga kura kuliko maandamano ya msimu mmoja. Haba na haba hujaza kibaba.

Mashinani, hasira ya wapiga kura ilikuwa na shabaha kamili. Katika Kaunti ya Glynn, Georgia, ambako Ahmaud Arbery aliuawa na Wazungu alipokuwa akikimbia mazoezi Februari 2020, kiongozi wa mashtaka Jackie Johnson, aliyelaumiwa kwa kuchelewesha hatua, aliangushwa na mgombea huru.

Kaulimbiu iliyowagawanya

Wakati Biden akisherehekea, Democratic walikuwa wamepoteza zaidi ya viti 10 katika Baraza la Wawakilishi. Baadhi yao waliilaumu kaulimbiu ya waandamanaji ya kuondoa fedha za polisi.

James Clyburn wa South Carolina, ambaye mwenyewe alifungwa kwa kuandamana mnamo 1960, alisema maneno hayo yaliwaponza wagombea wa chama, sawa na jinsi kaulimbiu za kuchoma miji zilivyoliponza vuguvugu la miaka ya 1960. Alexandria Ocasio-Cortez wa New York alipinga na kusema walioshindwa waliendesha kampeni dhaifu.

Wapiga kura wa Minneapolis kwenyewe walitoa uamuzi Novemba 2021. Takriban asilimia 56 walikataa pendekezo la kuvunja idara ya polisi na kuunda nyingine ya usalama wa umma. Baadhi ya viongozi Weusi wa mitaa ya kaskazini mwa jiji hilo, inayosumbuliwa na ufyatuaji risasi, walilipinga. Walitaka polisi wasiowaua, lakini walitaka polisi.

Vita vya daftari vinaendelea

Jambo ambalo halizungumzwi vya kutosha ni kwamba athari ya maandamano huhesabiwa tu pale kura inapoweza kupigwa. Juni 2013, Mahakama ya Juu ilibatilisha kipengele cha sheria ya 1965 kilichobainisha majimbo ya kuomba idhini, na majimbo kadhaa yakaanza kukaza kanuni.

Machi 2021, miezi michache baada ya Warnock kuchaguliwa, Georgia ilipitisha sheria iliyobana upigaji kura kwa njia ya posta na kuwazuia watu kuwagawia maji na chakula waliopanga foleni karibu na vituo. Mswada wa kurejesha makali ya sheria ya 1965, uliopewa jina la John Lewis aliyefariki Julai 2020, ulipita katika Baraza la Wawakilishi mwaka wa 2021 lakini ukakwama katika Seneti.

Mnamo 2024, Trump alirejea madarakani baada ya kampeni ambayo gharama ya maisha na uhamiaji zilizungumzwa zaidi kuliko ukatili wa polisi. Zaidi ya Weusi 8 kati ya 10 walimpigia Harris kura, ingawa Trump alijipatia wafuasi wapya miongoni mwa wanaume. Machi 2025, maandishi makubwa ya Black Lives Matter yaliyochorwa barabarani karibu na White House mwaka wa 2020 yalianza kuondolewa.

Mississippi, nayo, inaonyesha umbali uliosafiriwa na uliobaki. Jimbo ambalo Hamer alifukuzwa kwa kutaka kujiandikisha lina mamia ya viongozi Weusi waliochaguliwa katika miji na kaunti. Lakini ijapokuwa zaidi ya thuluthi moja ya wakazi wake ni Weusi, halijawahi kumchagua gavana Mweusi, kwani Wazungu wengi hupigia kura chama kimoja na Weusi wengi kingine. Mgawanyiko huo, uliochorwa na matukio ya 1964, ndio kila vuguvugu jipya la maandamano huukuta.